SOMO: Shamba lililoachwa kwa vita, na kodi ya ardhi ya kilimo



Katika vikao vya amani swali moja linarudi mara nyingi: "Shamba langu nililiacha kwa sababu ya vita. Sasa naambiwa limekuwa pori, si shamba tena, na kwamba mtu mwingine analilipia kodi. Je, bado ni langu?" Ndani ya swali hili kuna mambo mawili yaliyofungwa pamoja. La kwanza ni kujua lini ardhi inahesabiwa kuwa ya kilimo. La pili ni kujua karatasi ya kodi inathibitisha nini.

Tuanze na kodi. Sheria nambari 69-006 ya tarehe 10 Februari 1969 iliweka kodi juu ya ardhi na majengo katika nchi yetu. Iliwalenga wenye haki inayojulikana na serikali: mwenye hati, mwenye konsesio, anayepanga ardhi ya serikali. Lakini ilimwachilia mkulima na mfugaji. Mali ambayo mtu anaitumia yeye mwenyewe kwa kilimo au ufugaji tu haitozwi kodi hiyo. Neno "tu" ndilo lenye uzito.

Chukueni mfano wa fromaji ya Masisi. Mtu ana malisho, ana ng'ombe, na ana nyumba ndogo anamotengenezea fromaji. Sheria hiyo ilitaka angalau asilimia 80 ya mazao yanayotayarishwa pale yatoke katika shamba lake mwenyewe. Akitumia maziwa ya ng'ombe wake, ile nyumba ni sehemu ya shamba. Akinunua maziwa mengi kwa majirani, basi anafanya biashara, na msamaha wa kodi unamponyoka. Ni vile vile kwa anayeanika kahawa. Na duka la kupangisha kando ya barabara si kilimo, hata kama limezungukwa na maharagwe pande zote.

Msamaha huo haumfuati mtu nyumbani. Katiba ya 2006 imeweka kodi ya ardhi katika mapato ya mikoa. Kwa hiyo mwenye konsesio aende kwenye ofisi ya mapato ya mkoa, aeleze matumizi ya ardhi yake, aulize masharti ya mwaka huo, na arudi na jibu lililoandikwa. Jibu la mdomo halisaidii siku mtoza kodi mwingine anapofika.

Na mama anayelima mihogo juu ya shamba la kimila, lisilo na hati wala namba ya kadasta? Sheria ile haikutungwa kwa ajili yake. Akija mtu kumdai "kodi ya ardhi", ana haki ya kuuliza kwa upole: kodi hii inaitwaje, sheria gani inaiweka, na risiti iko wapi? Asichanganye kodi hiyo na kitu anachompa mwami kwa mila, wala na salongo, zile siku za kazi anazodaiwa na mwenye konsesio ili apate mahali pa kulima. Hayo ni mambo matatu, na wapo wanaopenda kuyachanganya kwa faida yao.

Sasa tufike kwenye jambo zito zaidi. Sheria ya ardhi ya tarehe 20 Julai 1973 ilisema kwamba ardhi yote ni mali ya serikali. Anayetaka konsesio ya mashambani alipewa kwanza mkataba wa muda, usiozidi miaka 5, na katika muda huo alipaswa kuiendeleza ardhi. Kabla ya kumpa, sheria iliamuru uchunguzi ufanyike mahali penyewe: kuhakikisha mipaka, kuhesabu watu wanaokaa au wanaofanya kazi pale, kuandika kilichopo, na kusikiliza wenye madai.

Somo liko hapo, ndugu zangu. Kuhesabu watu waliopo. Kama kijiji kizima kimekimbia, atahesabiwa nani? Mwenye madai atasikilizwa vipi naye yuko kambini, mwendo wa siku mbili? Afisa anaweza kufuata kila mstari wa sheria na bado akaandika kwamba ardhi ni tupu. Kisha hati ya uandikishaji ikipita miaka 2, sheria hiyo hiyo inaifanya iwe ngumu sana kuvunjwa. Familia nyingi zimekaa ukimbizini kupita muda huo. Tusisahau pia kwamba vita vya Djugu mwaka 1999 vilianza na ugomvi wa konsesio, wenyeji wakiona mipaka inasogezwa juu ya mashamba yao.

Haki ya kimila hata hivyo si kitu bure. Sheria ya 1973 ilizitambua ardhi ambazo jamii zinakaa na kulima kwa desturi zao, ikaahidi kwamba amri ya rais itapanga haki hizo. Miaka mingi ikapita bila amri hiyo kutoka, na pengo hilo limelisha kesi zisizohesabika. Katiba ya 2006, katika kifungu cha 34, inalinda mali iliyopatikana kwa sheria au kwa mila. Sheria ya kilimo ya tarehe 24 Desemba 2011 nayo inatambua haki za kimila za jamii juu ya ardhi zao. Kinachokosekana mara nyingi ni ushahidi.

Ushahidi huo ni nini? Kule Bushi wazee wanatofautisha kalinzi na bwasa. Aliyetoa kalinzi kwa mwami mbele ya mashahidi anapata shamba la kudumu, la kurithisha watoto. Mwenye bwasa amepanga kwa muda, na haruhusiwi kupanda migomba, kahawa wala miti. Ndiyo maana mgomba wa zamani unasema mengi kuliko shamba la maharagwe. Kwa Wanande mbuzi wa muhako hufanya kazi inayofanana na kalinzi.

Basi andikeni sasa, mngali na wazee. Nani alitoa shamba, na nini kilitolewa. Majirani wa pande nne. Mto, jiwe au mti wa mpaka. Mlichopanda, mwaka mliokimbia, na nani analima pale leo. Mashahidi watie sahihi au dole gumba. Jina la mama liwemo pamoja na la baba, maana wajane ndio wanaofukuzwa wa kwanza. Risiti za kodi za zamani zihifadhiwe pia: zinaonyesha nani alilipa na lini. Haziwezi peke yake kumfanya mlipaji awe mwenye shamba, na hilo linamhusu pia yule anayejivunia risiti mpya juu ya shamba lako. Tangu Goma na Bukavu zilipoingia mikononi mwa M23 mwanzoni mwa 2025, karatasi zimekuwa na mabishano zaidi. Usimkabidhi mtu hati ya asili ili akupe mpya, mpe kopi.

Mara nyingi anayelima shamba lako naye ni mkimbizi. Ikiwezekana kumfikia kwa njia ya wazee, ni afadhali kupatana kuliko kumtisha: alime mazao ya msimu tu, asipande miti, ajue na akiri mbele ya mashahidi kwamba shamba ni lako. Hivyo shamba linabaki shamba, naye halali njaa.

Kwenu machifu na makapita: mnapoombwa kutia sahihi kwamba ardhi haina mtu, andikeni mnachokijua. "Wenyewe walikimbia vita mwaka fulani" ni jibu la kweli. "Hakuna mwenyewe" si kweli, na sahihi hiyo itasomwa siku watu watakaporudi.

Kwa mazungumzo ya kikundi: katika kijiji chetu, nani bado anaijua mipaka ya mashamba ya waliokimbia? Nani kati yetu ataanza kuwaandika wiki hii, na daftari litakaa kwa nani?