Dumu Hilo Lilibeba Nini? Mambo ya Kufanya na Kutofanya Unapotumia Tena Vyombo vya Nyumbani

Kutupa ovyo ni kosa. Kutumia tena bila kufikiri ni kosa kubwa zaidi, maana linaweza kuua.

Uliza kwanza chombo kilibeba nini. Dumu la mafuta ya kula likioshwa kwa maji ya moto na sabuni, likaanikwa wazi mpaka harufu iishe, litakutekea maji miaka. Ndoo ya rangi haiwekwi maji ya kunywa hata ikitakata vipi. Ipe kazi ya kudekia au ya kuchotea mchanga.

Usiweke chakula, maji wala maziwa kwenye kopo la kiuatilifu. Plastiki hunyonya sumu, na sabuni haiitoi. Kopo hilo husuuzwa mara tatu, maji ya kusuuzia yakamiminwa kwenye bomba la kupulizia dawa, kisha likatobolewa. Nasisitiza kulitoboa: kopo zima lenye kifuniko kizuri lazima mtu ataliokota.

Usitie mafuta ya taa kwenye chupa ya soda. Mtoto mwenye kiu hasomi ulichoandika ubavuni. Anaona chupa anayoijua. Akinywa, usimtapishe, kwa kuwa mafuta yakipanda yanaweza kuingia mapafuni. Mkimbize hospitali. Mafuta yakae kwenye kidumu chake, kimefungwa, mahali asipofika.

Toboa chini ya kila tairi unalopandia mchicha, na lijaze udongo. Mbu aina ya Aedes, anayeeneza dengue, hupenda maji machache yaliyotuama karibu na watu: ndani ya tairi, kopo, ndoo iliyosahaulika nyuma ya choo. Dar es Salaam iliugua homa hiyo mwaka 2014, ikaugua tena 2019. Wengi humwaga maji wakadhani wamemaliza. Mayai ya mbu huyo hunata kwenye kuta za chombo, juu kidogo ya usawa wa maji, na huvumilia ukavu kwa miezi. Mvua ikirudi, yanaanguliwa. Basi sugua kwa brashi kila wiki, ndani, mpaka ukingoni. Na chombo usichokitumia kifudikize.

Usiwashie jiko plastiki wala kipande cha tairi. Moshi wake anauvuta mpishi, na mtoto aliye mgongoni mwake. Vifuu na maranda vipo.

Kata kanga iliyochakaa. Kanga ya pamba hunyonya maji: inafaa kuwa nepi au kitambaa cha jikoni, mwisho dekio. Kwa mpangilio huo, wala si kinyume chake.

Nenda sokoni na mfuko wako. Tanzania ilipiga marufuku mifuko ya plastiki 1 Juni 2019, lakini anayenunua mfuko mbadala kila aendapo kununua nyanya amebadilisha takataka tu.

Mtafute fundi kabla hujakwenda dukani. Kiti cha plastiki kilichopasuka mguu hushonwa kwa waya: fundi hutoboa matundu kwa msumari wa moto pande zote mbili za ufa, akapitisha waya, akakaza kwa koleo. Mshono unaonekana, naam, lakini mtu mzima anakaa. Kuona haya kwa ajili ya kiti kilichoshonwa ni ujinga unaotugharimu fedha.

Usilimbikize. Chupa zilizojazana uvunguni zikisubiri siku ya kufaa ni makazi ya mende na panya. Bakiza zenye kazi. Nyingine mpe muokota chupa zikiwa safi, na chuma chakavu kiende kwa anayepima kwa kilo.

Usimpe mtu takataka ukaiita msaada. Dada wa kazi si jalala lako, wala shangazi wa kijijini. Nguo unayotaka kutoa ifue, shona vifungo vilivyotoka, jaribu zipu, ipige pasi. Kama wewe usingeivaa hata shambani, irudishe kwenye fungu la madekio.