Kabrasha Moja, Mifumo Mitatu: Suala la Lugha ya Pamoja katika Mtandao wa Tarakilishi

Utangulizi

Rekodi za fasihi simulizi, picha za miswada na rasimu za tasnifu huhitajika na watu wengi kwa wakati mmoja. Zinaponakiliwa kutoka mkono hadi mkono, punde hutokea nakala tano za kazi moja na hakuna ajuaye iliyo sahihi. Suluhisho mojawapo ni kabrasha la pamoja, yaani kabrasha lililowekwa katika tarakilishi moja, iitwayo seva, na kufikiwa na tarakilishi nyingine kupitia mtandao wa ndani. Tatizo huzuka pale ambapo mhadhiri anatumia Windows, mwanafunzi anatumia Linux na mwenzake ana tarakilishi ya Apple. Makala haya yanaeleza jinsi mifumo endeshi hiyo inavyoelewana, na yanashikilia kwamba kuunganisha mashine ni kazi nyepesi kuliko kuafikiana baina ya watumiaji wake.

Itifaki kama Lugha ya Pamoja

Kila mfumo endeshi una njia yake ya kupanga faili katika diski, lakini mgeni hahitaji kuijua. Mkamba na Mjaluo wakikutana sokoni Nairobi, si lazima kila mmoja ajifunze lugha ya mama ya mwenzake, Kiswahili huwatosha. Katika mtandao, dhima hiyo hutekelezwa na itifaki iitwayo SMB, iliyobuniwa katika kampuni ya IBM mwanzoni mwa miaka ya 1980 na kuendelezwa na Microsoft.

Nje ya Windows, itifaki hii ilienezwa na Andrew Tridgell, aliyekuwa mwanafunzi wa uzamifu katika Chuo Kikuu cha Taifa cha Australia. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 alichunguza ujumbe uliopita baina ya mashine, akabaini kanuni zake, mithili ya mwanaisimu anayeandika sarufi kwa kuwasikiliza wasemaji. Programu yake huitwa Samba, jina alilolipata kwa kutafuta katika orodha ya maneno yenye herufi s, m na b kwa mfuatano huo. Kwa kigezo hicho, hata neno “simba” lingefaa. Apple nayo iliifanya SMB kuwa itifaki yake ya msingi ya kushirikisha faili mwaka wa 2013.

Jinsi ya Kuunganisha

Tuchukulie kwamba seva inaitwa “maktaba” na kabrasha linaitwa “simulizi”. Katika Windows, mtumiaji hubonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, kisha huandika:

\\maktaba\simulizi

Katika tarakilishi ya Apple, akiwa ndani ya Finder, hubonyeza Command pamoja na K, kisha huandika:

smb://maktaba/simulizi

Katika Linux, anwani hii ya pili huandikwa kwenye sehemu ya anwani ya programu ya kufungulia faili. Izingatiwe kuwa mikwaju ya Windows huelekea upande wa pili. Kwa kawaida mtumiaji huulizwa jina lake na nywila. Iwapo jina la seva halitambuliki, nambari yake ya mtandao, kwa mfano 192.168.1.10, huandikwa mahali pake.

Maafikiano Matatu

Kwanza, majina ya faili. Windows haikubali koloni wala alama ya kuuliza katika jina. Faili iliyopewa jina “Sura ya 2: Vitendawili” katika Linux huenda ikaonekana kwa jina geni katika Windows, au isifunguke. Aidha, Linux hutofautisha “Utenzi” na “utenzi”, ilhali Windows kwa kawaida huyahesabu kuwa jina moja. Herufi ndogo, tarakimu na vistari hukubalika kote.

Pili, idhini. Kusoma na kuandika ni haki mbili tofauti. Faili inayofutwa na mtumiaji wa Windows katika kabrasha la mtandao kwa kawaida haipiti kwenye pipa la taka. Hutoweka papo hapo. Kwa hivyo rekodi asilia zipewe idhini ya kusomwa tu, na rasimu zitengewe kabrasha lake.

Tatu, toleo la itifaki. Mnamo Mei 2017, kirusi cha WannaCry kilienea duniani kwa kutumia udhaifu katika toleo la kwanza la SMB. Mwaka huohuo Microsoft ilianza kutoa matoleo mapya ya Windows ambayo kwa kawaida hayana toleo hilo. Seva kuukuu inapokataliwa na tarakilishi mpya, yafaa seva hiyo isasishwe badala ya toleo hatari kurejeshwa.

Hitimisho

Itifaki huziwezesha mashine kuzungumza. Haiamui nani aandike, nani asome na faili ziitwe nini. Hayo ni ya idara yenyewe kuamua kabla ya kabrasha kufunguliwa. Tena, kabrasha la pamoja si nakala ya akiba: diski ya seva ikiharibika, wote hupoteza kwa pamoja. Nakala nyingine ihifadhiwe mahali tofauti, kwani mzee aliyesimulia ngano akishafariki, hakuna mtandao utakaomrejesha aisimulie upya.