Simu Yangu na Israfu
Muhula huu nilitaka simu mpya kwa sababu ya betri tu. Kwanza nikajihesabu.

Athari ya simu kwa mazingira hupimwa kwa umri wake wote: kuchimba madini, kuunda, kusafirisha, kutumia, hadi kutupa. Sehemu kubwa ya hewa ya ukaa hutoka katika kuiunda, kabla hatujaiwasha. Kobalti ya betri nyingi hutoka Kongo, pande za Kolwezi. Mwaka 2022 dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka za kielektroniki. Chini ya robo ndiyo iliyokusanywa na kurejelezwa ipasavyo.

Sura Al-A'raf, aya ya 31, inakataza israfu hata katika kula na kunywa. Basi nikaenda kwa fundi, akabadilisha betri. Nawe jiulize: simu imekwisha, au ni nafsi inayotamani?