Dende wa banda moja na uzazi wa ndugu

Swali (msomaji, Muhumba, Bukavu): Kwa nini dende wa banda moja wanazidi kuzaa watoto wachache na dhaifu?

Jibu: Mara nyingi chanzo ni undugu wa wazazi. Dende, yaani simbilisi, huishi katika kundi la dume mmoja na majike kadhaa, kwa sababu madume wawili wazima hupigana hadi kuumizana. Jike huweza kushika mimba akiwa na wiki 4 hadi 6 tu. Hivyo dume anayeachwa na kundi lake bandani huwapanda binti zake, kisha wajukuu. Majani ya kuwalisha, hata yawe mengi, hayatibu udhaifu wa watoto wanaozaliwa hivyo. Vidume vitengwe vikifikisha wiki 3, na dume mzee abadilishwe na wa ukoo mwingine kabla binti zake hawajapevuka. Mimba huchukua siku 68 hivi, kwa hiyo mabadiliko hayaonekani mapema.