Monstera imeungua kingo za majani

*Nina monstera sebuleni, kwenye chungu cha plastiki. Ilidumaa, nikawa naitilia NPK ya 17-17-17 iliyobaki shambani, kijiko cha chakula kila wiki. Sasa kingo za majani zinakauka na udongo umefanya ukoko mweupe. Ndiyo inakufa?*
*Msomaji, Morogoro*

Haifi, imelishwa kupita kiasi. Mbolea hiyo ilikusudiwa shamba, ambako mvua na ardhi pana huipunguza makali. Chunguni haina pa kwenda. Chumvi zake zikizidi, mizizi hushindwa kunyonya maji, na mmea huona kiu udongo ukiwa umelowa. Ukoko ule ni chumvi hizo.

Kwangua ukoko uutupe. Peleka chungu nje, mimina maji taratibu, mara tatu au nne ya ujazo wa chungu, yatoke yote chini. Usiyaache kwenye kisahani. Kisha usitie mbolea yoyote kwa miezi miwili.

Ukirudi kulisha, tumia mbolea ya maji ya mimea ya ndani, nusu ya kipimo cha lebo, mara moja kwa mwezi, udongo ukiwa na unyevu. Nadhani tatizo la mwanzo lilikuwa mwanga: isogeze karibu na dirisha, jua kali la mchana lisiipige.

Sehemu zilizokauka hazitarudi kijani. Tazama jani jipya. Shina likilainika au udongo ukinuka uozo, ing'oe, kata mizizi iliyooza, au mwone mtu wa kitalu cha maua mapema.