Gari si Ghala: Somo juu ya Vitu Tunavyobeba Ndani ya Gari



Katika somo hili tunataka tuingie ndani ya gari, tukae kidogo, tutazame. Vikundi vingi vya huku kwetu Kuruwitu, Vipingo na Takaungu siku hizi vinatumia gari. Vingine vinakodi, vichache vimenunua kwa pesa za wanachama. Mara nyingi ni Probox, au gari jingine dogo lililotoka Japani likiwa limekwisha kutumika. Asubuhi gari hilo linabeba samaki kutoka diko, saa nne linampeleka mama mjamzito kliniki Kilifi, jioni linarudi na saruji pamoja na watoto wa shule.

Ajali ikitokea, watu huzungumza juu ya dereva, mwendo na barabara. Ni sawa, hayo ni ya kweli. Lakini kuna jambo ambalo halizungumzwi sana, nalo ni vitu vinavyosafiri pamoja na abiria. Ndani ya gari mna visanduku, mifuko ya milangoni, ndoano, meza ndogo, tundu la umeme. Kila kimoja kimewekwa kwa kazi yake. Tusipojua kazi hiyo, tunarundika vitu popote, na siku ya breki ya ghafla vitu hivyo ndivyo vinavyoumiza watu.

TULICHOKUTA KWENYE MKEKA

Hivi karibuni tulifanya zoezi rahisi na kikundi kimoja. Tulitandika mkeka chini ya mwembe, tukamwomba dereva atoe kila kitu kilichomo ndani ya gari, asiache ila viti. Kijana akacheka, akasema, "Hamna kitu humo, labda vumbi."

Basi mkeka ulijaa. Palitoka chupa mbili tupu za maji zilizokuwa chini ya kiti cha dereva. Ikatoka kandambili moja ambayo mwenzake hakuonekana. Palitoka jeki, spana ya magurudumu, panga, madafu matatu, kopo la oili, chupa ya dawa ya kupulizia mboga iliyokuwa imelala juu ya mfuko wa unga, kiberiti cha gesi, mkebe wa marashi, pakiti ya tembe za mtu asiyejulikana, na karatasi za bima za miaka minne. Mwisho ikatoka jerikeni ya lita 20 yenye petroli kidogo ya mashini ya boti. Mzee mmoja alitazama, akauliza, "Na abiria hukaa wapi?"

Watu walicheka sana, kisha tukaanza kazi. Tulichukua kitu kimoja kimoja tukauliza: hiki, gari likisimama ghafla, kitakwenda wapi?

Chupa tupu ndiyo iliyowashangaza watu zaidi, kwa kuwa haina uzito. Lakini chupa iliyo chini ya kiti cha dereva hubingirika mbele gari linapopunguza mwendo, yaani wakati ule ule ambapo dereva anatafuta breki. Ikiingia nyuma ya kanyagio, breki haishuki. Kandambili ni vivyo hivyo, na hata mkeka wa sakafuni usioshikizwa. Chupa ina pahali pake kwenye mfuko wa mlango. Chini ya miguu ya dereva pasikae kitu chochote, hata kwa dakika moja.

DAFU NA MNAZI

Gari linapokimbia, kila kilichomo ndani kinakimbia nalo. Likisimama ghafla, kitu kisichofungwa hakina habari. Kinaendelea mbele kwa mwendo ule ule mpaka kikutane na kitu cha kukizuia, na mara nyingi kitu hicho ni kisogo cha mtu.

Kila mtu wa Pwani anajua kwamba mtoto halazwi chini ya mnazi. Sasa hesabu hii ni rahisi. Dafu lililowekwa juu ya ubao wa nyuma, gari likiwa katika mwendo wa kilomita 50 kwa saa likagonga kitu, litaruka mbele kwa nguvu sawa na dafu lililoanguka kutoka mnazi wa karibu mita 10. Kwa mwendo wa kilomita 80, ambao ndio kikomo cha matatu tangu kanuni za waziri John Michuki zilipoanza kutumika Februari 2004, ni kama limeanguka kutoka mita 25. Minazi ya urefu huo hata huku kwetu si mingi. Angalieni vizuri: mwendo haukufika mara mbili, lakini kimo kimepita mara mbili na nusu. Ndiyo maana mtu anayesema "nimeongeza kidogo tu" hajui alichoongeza.

Na hilo ni dafu. Jeki je? Spana je? Magari mengi yana pahali pa kufungia jeki, chini ya sakafu ya buti au ubavuni, na skrubu yake. Wengi wetu tuliinunua gari mkononi mwa mtu, tukakuta jeki inacheza nyuma, tukadhani ndivyo ilivyo. Tafuteni pahali pake. Kama pameharibika, kamba itafaa. Mkonge unalimwa hapa hapa Vipingo, hakuna sababu ya mtu wa Vipingo kukosa kamba.

Mizigo mizito ikae chini kabisa, ikiegemea mgongo wa kiti cha nyuma, wala isipite kimo cha kiti hicho. Kiti kikikunjwa kisha kikarudishwa, hakikisheni kufuli yake imeshika. Msukumeni kwa mkono mjue, kwani kiti kisichoshika hulala mbele pamoja na mzigo wote juu ya watu. Wale tunaopenda kukunja nusu ya kiti tuweke saruji, na nusu nyingine tukae watu wawili, tujue kwamba tumekaa kando ya mzigo ambao hauna mkanda. Ama kukaza watoto ndani ya buti kwa sababu "ni hapa karibu tu," hapo hatuna neno la kulainisha. Buti halina mikanda, na gari likigongwa nyuma, buti ndilo linalobonyea kwanza. Tunajua linafanyika kila siku. Bado ni kosa.

MBELE YA ABIRIA

Kisanduku kilicho mbele ya abiria, ambacho wengi wetu hukiita "dashibodi", ni cha vitu vyepesi: karatasi za gari, tochi, kitambaa, daftari la safari. Kifungwe wakati wote. Mlango wake ukiwa wazi, abiria akisukumwa mbele, magoti yake yatakutana na ukingo wake.

Probox, ambalo Toyota ililitoa mwaka 2002 likiwa gari la kazi, lina meza ndogo inayovutwa kutoka katikati ya dashibodi. Ni nzuri sana kwa kuandika risiti au kunywa chai. Lakini ni meza ya gari lililosimama. Gari likiondoka, irudishwe ndani na chai iwe imekwisha.

Juu ya dashibodi, upande wa abiria, tafuteni herufi tatu: SRS. Magari yetu yametoka Japani na maandishi ya onyo mara nyingi ni ya Kijapani, kwa hiyo watu hawasomi. Herufi hizo maana yake ni kwamba nyuma ya plastiki ile mna mfuko wa hewa. Gari likigonga, mfuko unafumuka kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho, ukipasua kifuniko chake. Chochote kilichowekwa hapo juu, iwe simu, kitambaa chenye mapambo au chupa ya manukato, kinarushwa usoni mwa abiria. Miguu nayo isipandishwe hapo.

Na mtoto mchanga asipakatwe kwenye kiti hicho. Hili ni zito kwa kina mama, kwa kuwa kiti cha mbele ndicho tunachompa mwenye mtoto kwa heshima. Mama mmoja alipoombwa ahamie nyuma na afunge mkanda alijibu, "Mwanangu, kwani tunaenda Nairobi?" Lakini mfuko wa hewa umepimwa kwa mtu mzima aliyefunga mkanda. Na hata gari lisilo na mfuko huo, mikono haitoshi. Gari likigonga kwa kilomita 50 kwa saa na kusimama ndani ya nusu mita, mtoto wa kilo 10 huvuta mikono kama mzigo wa karibu kilo 200. Ni zaidi ya magunia mawili ya mahindi. Hakuna mama awezaye kuyashika, hata ampende mtoto vipi. Heshima ya kweli kwa mama huyo ni kiti cha nyuma chenye mkanda mzima, na vikundi vyenye uwezo vinunue kiti cha mtoto cha kufungwa na mkanda huo.

Neno dogo juu ya rozari. Tunapenda kuitundika kwenye kioo cha dereva, na hatusemi iondolewe garini. Lakini ile yenye msalaba mzito wa mbao hubembea mbele ya macho, na kwenye makutano ya barabara inaweza kuficha pikipiki nzima. Mfuko wa shati unaitosha.

PETROLI, GESI NA JUA

Sasa turudi kwenye ile jerikeni. Wavuvi wanahitaji petroli, na diko liko mbali na kituo cha mafuta. Ugumu ni kwamba ndani ya gari kama Probox, buti na viti ni chumba kimoja. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, hutambaa sakafuni, na unangoja cheche tu. Sigara yatosha. Gesi ya kupikia nayo ni nzito kuliko hewa na hujikusanya chini vile vile. Mtungi, uwe wa kilo 6 au 13, usimame wima na ufungwe usianguke. Vali ifungwe kabisa, vioo viteremshwe, na mtungi ushushwe mara tu mnapofika.

Hapo mweka hazina wa kikundi alitushika. "Mnataka petroli isafiri peke yake. Safari mbili ni mafuta mara mbili. Nani atalipa?" Ni swali la haki, na halijibiwi kwa mahubiri. Walikaa wakapiga hesabu. Wakaona kwamba petroli ya boti inaweza kuchukuliwa mara moja au mbili kwa wiki, alfajiri kabla ya abiria, kwenye vyombo vya petroli hasa wala si jerikeni za mafuta ya kupikia, visijazwe mpaka mdomoni, na vioo vikiwa wazi. Gharama ya safari hiyo wakaiongeza kidogo kidogo kwenye bei ya kila lita. Wavuvi walinung'unika, wakakubali. Watu wa Kuruwitu, ambao mwaka 2005 walikubaliana kutenga hekta 30 za bahari yao wenyewe zisivuliwe, hawashindwi na shilingi chache za jerikeni.

Jua nalo lina hesabu yake. Gari lililofungwa juani, nje kukiwa na nyuzi 32, kwa muda wa saa moja hivi ndani huweza kupita nyuzi 50, na juu ya dashibodi zaidi ya hapo. Kiberiti cha gesi na mkebe wa marashi huweza kupasuka. Betri ya simu huvimba. Dawa nyingi zimeandikwa zisikae penye joto la zaidi ya nyuzi 30, na insulini huharibika upesi, kwa hiyo wahudumu wa afya wasiache dawa garini wanapoingia nyumba kwa nyumba. Dawa ya mboga na unga visikae pamoja kamwe. Na mtoto asiachwe ndani hata kama amelala, hata kama "narudi sasa hivi." Mwili wake hupanda joto haraka kuliko wetu.

Vioo vya umeme pia vimeshabana shingo na vidole vya watoto. Kwenye mlango wa dereva mna kitufe chenye alama ya dirisha. Kikibonyezwa, vioo vya nyuma havitii mkono wa mtoto. Simu ya dereva iwe imefungwa kwenye kishikilio au iwe mfukoni. Kanuni za mwaka 2016 ziliweka faini ya shilingi 2,000 kwa anayeitumia akiendesha.

MASWALI YA KUJADILI KIKUNDINI

1. Tandikeni mkeka, toeni vyote vilivyomo ndani ya gari mnalotumia. Ni vingapi visivyo na pahali pake?

2. Jeki yenu imefungwa wapi? Nani mwingine, mbali na dereva, anapajua?

3. Mama mwenye mtoto mchanga akija leo, atakaa kiti gani, na nani atamwambia?

4. Petroli na gesi zikisafiri bila abiria, gharama itaongezeka kwa kiasi gani kwa mwezi, na itatoka mfuko upi?