Kumi Walipona, Mmoja Akarudi: Maswali Kuhusu Shukrani ya Uponyaji

Habari ya wenye ukoma kumi, katika Luka 17:11-19, husomwa sana kwenye ibada za shukrani. Mahubiri yakiisha, waumini hubaki na maswali yao nje ya kanisa. Mwalimu wa Biblia anajibu baadhi yake.

Yesu mwenyewe aliwaambia waende kwa makuhani. Wale tisa walitii. Kosa lao ni lipi?

Kwa sheria hawakuwa na kosa, na wahubiri wengi huwaonea. Soma Walawi 14 uone kilichowangoja. Kuhani alimkagua mtu nje ya kambi. Waliletwa ndege wawili: mmoja akachinjwa juu ya chungu cha udongo chenye maji ya mto, wa pili akachovywa katika damu ile, kisha akaachwa aruke zake. Aliyepona alinyoa nywele zote, akakaa siku 7 nje ya hema lake, akanyoa tena hadi nyusi, na siku ya 8 akaleta wanakondoo. Baada ya hapo ndipo akahesabiwa kuwa mtu miongoni mwa watu. Aliyekuwa akipiga kelele kwamba ni najisi kila anapopita, nani atamlaumu akikimbilia cheti hicho?

Luka hasemi kwamba tisa walikuwa na kiburi. Anasema tu kwamba hawakurudi. Yule mmoja alijiona amepona akiwa bado njiani, akageuka kabla ya kukaguliwa na yeyote, akaanguka miguuni pa Yesu. Naye alikuwa Msamaria. Hekalu la watu wake mlimani Gerizimu lilikuwa limebomolewa na Yohana Hirkano, kiongozi wa Wayahudi, zaidi ya miaka 100 kabla, na makuhani wa Yerusalemu hawakumhesabu kuwa wa kwao. Ukoma ndio uliomweka kundi moja na Wayahudi. Asiye na mlango wa kubisha ndiye aliyetambua mwenye nyumba ni nani. Hapo ndipo lilipo somo: tisa walipata afya, na mmoja akampata pia aliyeitoa. Ni yeye peke yake aliyeambiwa kuwa imani yake imemwokoa.

Je, wasiorudi walinyang'anywa uponyaji?

Hapana. Yesu aliuliza waliko, basi. Luka hasemi kwamba ukoma uliwarudia.

Nimeambiwa nisipotoa sadaka kubwa ya shukrani, ugonjwa utanirudia. Ni kweli?

Si kweli, na anayekwambia hivyo anafanya biashara. Kasome 2 Wafalme 5. Naamani, jemadari wa Shamu, alipotakasika kwa kujichovya mara 7 katika Yordani, alirudi kwa nabii Elisha na fedha, dhahabu na mavazi. Elisha akakataa, hata aliposihiwa. Mtumishi wake Gehazi akamkimbilia jemadari kwa uongo, akaondoka na talanta 2 za fedha na mavazi 2. Ukoma ulimrudia nani? Haukumrudia Naamani, ulimshika Gehazi, aliyetoza watu kwa kazi ya Mungu.

Kutoa sadaka ni vizuri. Toa kwa moyo, kadiri ulivyojaliwa. Ukishatishwa, hiyo si shukrani tena, ni ada.

Nilitibiwa hospitalini. Nikimshukuru daktari, nampunguzia Mungu?

Mfalme Hezekia alipougua karibu ya kufa, Mungu alimwahidi miaka 15 zaidi, kisha nabii Isaya akaagiza andazi la tini libandikwe kwenye jipu. Ahadi na dawa vilikwenda pamoja, na mfalme hakuona aibu kwa lolote kati ya hayo.

Jambo la pili ni zito zaidi. Makuhani ndio waliokuwa wakaguzi wa ngozi siku zile, kwa hiyo Yesu aliwatuma wale kumi wakapimwe. Anayeamini amepona sukari, presha au virusi vya UKIMWI, akapime, na asiache dawa mpaka daktari wake amwambie. Kuacha vidonge ili kuonyesha imani ni kuuchezea uhai ule ule unaoushukuru.

Na huyo Hezekia alitunga wimbo mzuri wa shukrani, umo katika Isaya 38. Lakini 2 Mambo ya Nyakati 32:25 inasema hakurudisha kwa kadiri ya fadhili alizopewa, kwa kuwa moyo wake ulijivuna. Wimbo wa siku moja haukutosha.

Na ambaye hakupona, ashukuru nini?

Usimlazimishe. Paulo aliomba mara 3 mwiba wa mwilini mwake uondolewe, haukuondolewa. Trofimo, mwenzake wa safari, aliachwa Mileto akiwa mgonjwa, na hatusomi popote kwamba aliambiwa imani yake ni haba. Kaa naye. Wewe uliyepona usimhutubie.

Nishukuru vipi, basi?

Mama mkwe wa Petro homa ilipomwacha, aliinuka akawahudumia wageni. Hatuambiwi kwamba alisema neno lolote. Ushuhuda wa Jumapili utoe, uwe mfupi, uwataje wauguzi na ndugu waliokesha nawe wodini, na usitaje ugonjwa wa mwenzako wa kitanda cha pili. Kisha rudi wodi ile ile siku ya kuona wagonjwa, ukamtafute asiye na mtu wa kumletea uji.